Chuma Sikivu na Chuma Kaidi: Uhakiki wa Istilahi za Chuma cha Umeme

Istilahi hupimwa kwa mizani nyingi. Wako wanaoipima kwa ufupi wake, wako wanaoipima kwa asili yake, na wako wanaouliza kwanza kama inapatana na sarufi ya Kiswahili. Mizani zote hizo ni halali, na sisi tunaofanya kazi ya kukusanya na kusanifu maneno tunazitumia kila siku. Katika makala haya, hata hivyo, tunakusudia kutumia mizani moja ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ni hii: je, fundi akiisoma istilahi hiyo hali ameshika nyundo mkononi, atatenda lililo sawa?

Uwanja tuliouchagua ni mwembamba, lakini madhara yake ni mapana. Ni uwanja wa chuma kinachotumika kuundia viini vya transfoma, mota na jenereta, na hasa namna kazi za kiwandani na karakanani zinavyobadili usumaku wa chuma hicho. Arusha kumekuwa na kiwanda cha kuundia transfoma kwa miaka mingi, na mafundi wa kusuka mota wapo katika kila mji. Vyuo vya ufundi hufundisha somo hili, na maofisa wa ununuzi huandika zabuni za vifaa hivyo. Wote hao husoma tafsiri, na katika tafsiri tulizozipitia tumekuta maneno ambayo yanasikika vizuri masikioni lakini yanampeleka msomaji kombo. Tutayahakiki moja baada ya jingine.

1. Jambo lenyewe

Kabla ya kuyahakiki maneno, hatuna budi kulieleza jambo. Ndani ya kila transfoma na kila mota ya kawaida mna kiini cha chuma ambamo koili za waya zimezungushwa au kupachikwa. Mkondo wa umeme unaogeuka-geuka hukisumakisha kiini hicho upande mmoja, kisha upande wa pili. Kwa kuwa umeme wa gridi zetu za Afrika Mashariki hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, usumaku wa kiini cha transfoma hugeuzwa mara 100 katika kila sekunde, usiku na mchana, kwa miaka mingi. Kila mgeuko hula nishati kidogo, na nishati hiyo huwa joto lisilomfaa mtu.

Chuma cha kawaida hula nishati nyingi mno katika kazi hii. Mwaka 1900 wataalamu William Barrett, William Brown na Robert Hadfield walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya vyuma vilivyochanganywa na elementi mbalimbali, wakaonyesha kwamba silikoni kidogo hukifanya chuma kikubali usumaku kwa urahisi zaidi, na papo hapo huongeza ukinzani wake kwa mkondo wa umeme. Chuma chenye silikoni ya asilimia 3 hivi kina ukinzani unaozidi mara nne ule wa chuma safi. Tangu hapo chuma hicho kimekuwa ndicho chuma cha viini duniani kote.

Lakini mchanganyiko peke yake hautoshi. Chuma hicho hupitishwa katika mitambo ya kukibana kiwe bamba jembamba, hupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu, hupakwa utando wa kuhami, kisha hukatwa, hupangwa, hubanwa na pengine huchomelewa. Kila hatua kati ya hizo huongeza au hupunguza ubora wa usumaku wake. Mabamba mawili yaliyotoka katika tanuri moja, yenye silikoni ile ile, yaweza kutofautiana sana kwa sababu tu moja limekatwa vizuri na jingine limekatwa kwa kisu butu. Hapa ndipo penye shina la hoja yetu yote: usumaku wa chuma hiki haukuzaliwa nacho. Ni kazi ya mikono na mitambo, na mikono ile ile yaweza kuuharibu. Istilahi inayousema usumaku huo kana kwamba ni tabia ya asili ya chuma humficha fundi wajibu wake.

2. Jina la chuma

Tuanze na jina. Tafsiri kadhaa tulizoziona zinakiita chuma hiki "chuma cha pua". Watafsiri wana sababu: kamusi zetu za zamani zimelitumia neno "pua" kwa maana ya chuma kilichoimarishwa, kile ambacho mhunzi alikitia katika makali ya shoka au jembe ili yasipindike upesi. Pua, basi, ni chuma kigumu, na sifa yake ni kushika makali. Hiyo ni sifa njema ya shoka, lakini si ya kiini cha transfoma.

Iko hatari kubwa zaidi. Katika matumizi ya siku hizi, sokoni na katika maandishi, "chuma cha pua" kimekuwa jina la chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria na masinki. Aina iliyoenea zaidi ya chuma hicho ina kromi ya asilimia 18 hivi na nikeli ya asilimia 8 hivi, na aina hiyo haivutwi na sumaku kwa kiasi cha maana. Hebu msomaji afikiri ofisa wa ununuzi anayetangaza zabuni ya "mabamba ya chuma cha pua kwa viini vya transfoma". Mwuzaji akileta mabamba yanayong'aa, yasiyoshika kutu na yasiyokubali usumaku, nani atamlaumu? Ameleta kilichoandikwa. Neno moja limetosha kumnunulia mwananchi shehena isiyofaa kazi.

"Feleji" nayo haifai. Ni neno zuri, lenye historia ya panga na majambia, lakini linabeba fikra ile ile ya ugumu na makali. Tungependa libaki mahali pake.

Wengine wamependekeza "chuma cha umeme". Hapo awali tafsiri hiyo huweza kutiliwa shaka, kwa kuwa msikilizaji aweza kudhani ni chuma kinachopitisha umeme vizuri, na sisi tumekwisha kusema kwamba chuma hiki kinatakiwa kiupinge mkondo. Hata hivyo, Kiswahili kimezoea kukitaja chuma kwa kazi yake: tunasema "chuma cha reli" wala hakuna anayedhani kwamba reli imeyeyushwa humo. "Chuma silikoni" kingekuwa wazi zaidi kwa mwanakemia, lakini vipo vyuma vya viini vyenye silikoni chache sana, na jina hilo lingeviacha nje. Kwa hiyo tunakubali "chuma cha umeme", kwa sharti kwamba kila faharasa iandike pamoja nacho maelezo haya: chuma cha kuundia viini vya vyombo vya umeme, kinachosumakika kwa urahisi na chenye ukinzani mkubwa.

3. "Laini" na "gumu"

Lugha za wanasayansi wa Ulaya hugawa vyuma vya sumaku katika makundi mawili, yakiitwa kwa maneno yenye maana ya ulaini na ugumu. Chuma "laini" ni kile kinachosumakika upesi na kuuacha usumaku upesi. Chuma "kigumu" ni kile kinachoushikilia usumaku wake, kama sumaku za spika. Mgawanyo huo ulitokana na vyuma vya karne zilizopita, ambavyo kweli kile kilichokuwa kigumu kwa nyundo kilikuwa kigumu kwa sumaku pia.

Watafsiri wetu wameyachukua maneno hayo kama yalivyo, wakaandika "chuma laini". Hapa tunapinga kwa nguvu. Silikoni ikiongezwa, chuma huwa "laini" zaidi kwa sumaku, lakini huwa kigumu zaidi kwa nyundo na kikavu zaidi, hata kwamba kikifikia asilimia 6.5 sifa zake za sumaku ni nzuri ajabu lakini hupasuka-pasuka kinapobanwa na mitambo. Maana yake ni kwamba chuma cha umeme kilicho bora ni laini na kigumu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akiambiwa hivyo na mwalimu, akiwa ameshika bamba linalovunjika badala ya kupinda, atadhani mwalimu amekosea au kitabu kimekosewa.

Tena, neno "laini" lina ubaya mwingine. Linamwambia fundi kwamba kitu hicho kinaweza kugongwa, kupindwa na kunyooshwa bila madhara, kama risasi au shaba iliyopashwa moto. Ukweli ni kinyume chake. Chuma hiki kikigongwa na kupindwa hujaa mkazo ndani yake, na mkazo huo ndio unaokinyima ule wepesi wa kusumakika.

Sisi tunapendekeza maneno mawili yaliyomo tayari katika Kiswahili cha nyumbani: "sikivu" na "kaidi". Mtoto msikivu huambiwa mara moja akafuata, na mkaidi husukumwa kwa nguvu. Vivyo hivyo, chuma sikivu hufuata uga wa sumaku kwa msukumo mdogo, na chuma kaidi huhitaji msukumo mkubwa kabla ya kugeuka. Faida yake ni kwamba kile kipimo cha msukumo unaohitajika kuuondoa usumaku uliobaki, ambacho watafsiri wamehangaika nacho, chaweza kuitwa "ukaidi wa sumaku" bila maelezo marefu. Aidha, maneno haya hayagongani na ugumu wa nyundo. Twaweza kusema kwamba bamba hili ni gumu lakini sikivu, wala hapana anayetatizika. Na fundi akiambiwa kwamba kupinda bamba kunalifanya kaidi, ataelewa papo hapo kwamba ameliharibu.

4. Nafaka, chembe na punje

Metali yoyote iliyoganda kwa kawaida ni mkusanyiko wa fuwele ndogo ndogo zilizoshikana. Katika lugha ya Kiingereza fuwele hizo huitwa kwa neno linalotumika pia kwa mtama na ngano, na matokeo yake ni kwamba tumewahi kusoma, katika maandishi ya Kiswahili, habari za chuma chenye "nafaka". Hatuhitaji kulipinga neno hilo kwa hoja. Linajipinga lenyewe.

"Chembe" ni bora, lakini limekwisha kubebeshwa mzigo mzito: chembe za damu, chembe hai, chembe za atomi, chembe za vumbi. Tunapendelea "punje", kwa kuwa punje ni kitu chenye umbo na mipaka yake, kilicho kimoja miongoni mwa vingi vya namna yake. Katika baadhi ya vyuma vya transfoma punje hizo huonekana hata kwa macho, zikiwa na upana wa milimita kadhaa au zaidi.

Tatizo halisi liko katika kivumishi. Mwaka 1934, huko Marekani, Norman Goss alipata hataza ya njia ya kubana chuma silikoni kikiwa baridi, kukipasha moto na kukibana tena, hata punje zake nyingi zikalala upande mmoja. Kila punje ya chuma ina upande unaosumakika kwa urahisi kuliko pande nyingine, na Goss alifaulu kuupatanisha upande huo na mwelekeo wa bamba linapotoka mtamboni. Ugunduzi huo ndio uliozaa viini vya transfoma tunavyovijua leo. Mnamo mwaka 1968 Yawata Steel ya Japani ikaanza kuuza aina ambayo punje zake zimelingana zaidi.

Chuma hiki kimeitwa na wengine "chuma cha punje elekezi". Sarufi inakataa. Kivumishi "elekezi" ni cha mtendaji: kitabu elekezi kinamwelekeza msomaji. Punje hizi haziwaelekezi wengine, bali zimeelekezwa, na waliozielekeza ni watu wa kiwandani. Tofauti hiyo si ya walimu wa sarufi peke yao. Neno "elekezi" linamfanya msomaji adhani kwamba punje zitauongoza usumaku popote atakapoukata na kuugeuza mchoro wake. Ilhali neno "zilizoelekezwa" linamfanya aulize: zimeelekezwa wapi? Hilo ndilo swali analopaswa kuuliza kabla ya kuweka alama ya kukata, kwa maana bamba likikatwa kukingama, usumaku utapita upande ule mgumu na joto litaongezeka sana. Tunapendekeza "chuma cha punje zilizoelekezwa", na kwa kile cha mota, ambamo usumaku huzunguka pande zote, "chuma cha punje zisizoelekezwa". Majina ni marefu, lakini urefu wake una kazi.

5. Kinachopotea ni nini?

Istilahi tuliyoiona mara nyingi kuliko zote kwa nishati inayoliwa na kiini ni "upotevu wa sumaku". Kwa mizani yetu, hii ndiyo mbaya kupita zote. Msomaji ataelewa kwamba kiini kilikuwa na sumaku, na sasa sumaku imetoroka. Fundi mwenye bidii atatafuta njia ya kuirudisha. Kumbe usumaku haukupotea. Kilichopotea ni nishati, yaani umeme uliolipiwa. Chuma kinachopoteza nishati nyingi mara nyingi ni kile kile kinachoung'ang'ania usumaku wake, kwa hiyo istilahi imesema kinyume kabisa cha jambo.

Tunapendekeza "hasara ya kiini" kwa nishati inayogeuka joto ndani ya chuma, na "hasara ya koili" kwa ile inayogeuka joto ndani ya waya. Neno "hasara" linaeleweka na mwanafunzi, mhasibu na mwenye duka, na wote watatu wanahusika.

Hasara ya kiini ina sehemu zake. Ya kwanza hutokana na usumaku kubaki nyuma ya uga unaousukuma. Mskoti James Alfred Ewing, alipokuwa akilichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1880, aliliundia jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kubaki nyuma au kuchelewa. Watafsiri wetu wameandika "histeresisi", na hatuna ugomvi na utohozi kwa jumla. Lakini Ewing alikwenda sokoni kwa Wagiriki akachukua neno la kawaida, nasi tunalo la kwetu, yaani "kawia". Kutokana nalo tunapendekeza "ukawio". Mwalimu akisema "hasara ya ukawio", amekwisha kueleza nusu ya somo kabla ya kuchukua chaki. "Histeresisi" na iandikwe katika faharasa kama kisawe, ili asomaye vitabu vya nje asipotee.

Sehemu ya pili ni ya mikondo midogo inayojizungusha ndani ya chuma chenyewe kama maji yanavyojizungusha nyuma ya jiwe mtoni. Tunaiita "mikondo ya kuzunguka". Ili kuizuia, kiini hujengwa kwa mabamba membamba yaliyohamiwa badala ya kipande kimoja kinene. Unene wa kawaida kwa transfoma ni kati ya milimita 0.23 na 0.35, na kwa mota za kawaida milimita 0.50 hivi. Unene ukipunguzwa nusu, hasara inayokadiriwa kwa mikondo hiyo hushuka hadi robo. Iko na sehemu ya tatu, inayotokana na namna maeneo madogo ya usumaku ndani ya punje yanavyosogeza mipaka yake, lakini hiyo inahitaji makala yake yenyewe.

6. Vitenzi vya karakana

Hadi hapa tumehakiki majina. Vitenzi vina hatari zaidi, kwa kuwa kitenzi ni amri.

"Kukata". Katika mwongozo mmoja tuliousoma, kitenzi hiki kimetumika kwa mkasi, kwa kisu cha kubonyeza cha mashine, na kwa miali ya leza. Kwa seremala ni sawa, kwa chuma cha umeme si sawa. Mkasi na kisu cha kubonyeza huuvuruga ukingo wa bamba kwa nguvu, na punje za ukingoni hujaa mkazo. Leza haisukumi, lakini huunguza ukingo na kuacha mkazo wa joto. Eneo linaloharibika laweza kufikia milimita kadhaa kutoka ukingoni. Katika bamba pana la transfoma hilo ni jambo dogo, lakini katika jino jembamba la mota, ambalo limekatwa pande zote mbili, sehemu kubwa ya jino yaweza kuwa imeguswa. Tunapendekeza mfasiri ataje daima chombo: kukata kwa mkasi, kwa kubonyeza, kwa leza. Na kile kijino kikali kinachobaki ukingoni kisu kikiwa butu kisiitwe "uchafu", maana uchafu hufutwa kwa kitambaa. Ni "kijino cha ukingo", nacho hutoboa utando wa bamba la jirani na kuyaunganisha mabamba mawili, mikondo ya kuzunguka ikapata njia.

"Kupaka rangi". Ule utando mwembamba juu ya bamba si rangi. Katika chuma cha punje zilizoelekezwa, sehemu yake huundwa ndani ya tanuri, ambamo magnesia iliyopakwa juu ya bamba huungana na silikoni iliyooksidika kwenye joto la nyuzi 1200 hivi za Selsiasi. Utando huo huhami, na zaidi ya hayo hulivuta bamba kidogo, na mvuto huo hulifanya liwe sikivu zaidi. Anayeuita rangi amempa fundi ruhusa ya kuukwangua na kupaka nyingine. Uitwe "utando".

"Kubana" na "kuchomelea". Mabamba yasipobanwa hutetemeka na kuvuma. Yakibanwa mno hupata mkazo wa kusukumwa, ambao hudhuru zaidi kuliko ule wa kuvutwa. Yakichomelewa ukingoni hushikana imara, lakini weldi hiyo huunganisha yale yaliyotenganishwa kwa makusudi. Mfasiri asiandike "bana sawasawa" akaishia hapo, ikiwa matini asilia imetaja kipimo.

Mwisho, "kuchoma". Hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo, kwa sababu Kiswahili kimetumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili yanayopingana. La kwanza ni tiba. Mabamba yaliyokwisha kukatwa hupashwa moto hadi kati ya nyuzi 750 na 850 hivi, ndani ya tanuri lenye gesi ya kuyakinga na hewa, mathalani nitrojeni, kisha hupozwa polepole. Kwa njia hiyo mkazo wa kukatwa na kupindwa huondoka, na usikivu hurudi. La pili ni balaa. Fundi wa kusuka mota, akitaka kutoa koili zilizoungua, huweka mota nzima motoni mpaka vanishi iteketee. Moto huo hauna kipimo, hauna gesi ya kinga, na utando wa mabamba huteketea pamoja na vanishi. Miongozo ya kazi hiyo huweka kikomo karibu na nyuzi 370, na moto wa wazi huupita bila mtu kujua. Mota itasukwa vizuri, itazunguka, lakini kiini kitakula umeme zaidi kuliko kabla ya kutengenezwa, na mwenye mota atalipa pasipo kujua alipacho.

Vitendo hivi viwili visiitwe kwa neno moja. Cha kwanza tunapendekeza kiitwe "kutuliza": chuma kilichotaabishwa kinatulizwa kwa joto na subira. Cha pili kibaki "kuchoma", na kila mahali kitakapotokea kifuatwe na kikomo cha joto. Wako waliopendekeza "kulainisha" kwa cha kwanza, lakini hilo linaturudisha katika tatizo la ulaini tuliloliacha nyuma.

7. Alama za madaraja

Chuma cha umeme huuzwa kwa alama. Tuchukue alama ya Ulaya M400-50A. Maana yake ni kwamba hasara haizidi wati 4.00 kwa kilo, kwa usumaku wa tesla 1.5 na mizunguko 50, unene ni milimita 0.50, na punje hazikuelekezwa. Nyingine, M130-27S, ni ya punje zilizoelekezwa: wati 1.30 kwa kilo kwa tesla 1.7, unene milimita 0.27. Alama zinazoishia kwa K ni za chuma ambacho kiwanda hakikukimaliza, na mnunuzi hana budi kukituliza mwenyewe baada ya kukikata. Tumeona chuma hicho kikiitwa "chuma cha daraja la pili". Si cha daraja la pili, bali ni "chuma nusu-tayari", na anayekitumia bila kukituliza hatapata kile alichokinunua.

Kosa la tafsiri linalotupa wasiwasi zaidi ni kuziandika namba hizo kuwa ni "hasara ya transfoma". Sivyo. Zimepimwa kwa vipande vya bamba vya upana wa milimita 30 vilivyopangwa katika fremu ya Epstein, na aghalabu vipande vya chuma cha punje zilizoelekezwa hutulizwa kwanza ndipo vikapimwa. Ni namba za chuma kabla ya taabu zake. Kiini kilichokwisha kukatwa, kupangwa na kubanwa hula zaidi. Katika viini vya transfoma uwiano wa hasara halisi kwa hasara ya bamba mara nyingi huwa kati ya 1.1 na 1.3, na katika mota huweza kuzidi hapo. Uwiano huo tunapendekeza uitwe "kizidisho cha uundaji".

Tupige hesabu ili jambo liwe wazi. Kiini cha kilo 200 cha bamba la wati 1.30 kwa kilo kingekula wati 260. Kizidisho kikiwa 1.2, kitakula wati 312. Tofauti ya wati 52 ni ndogo kuliko taa ya zamani ya chumbani, lakini transfoma haizimwi usiku. Kwa saa 8,760 za mwaka ni zaidi ya uniti 455, kwa transfoma moja. Ofisa aliyesoma namba ya bamba akidhani ni namba ya kiini hataiuliza tofauti hiyo, na mwuzaji hatamweleza.

8. Mapendekezo

Wako watakaosema kwamba haya yote ni ya wahandisi, na kwamba mhandisi husoma Kiingereza. Tunajibu kwamba mhandisi hakati bamba. Anayelikata ni kijana wa karakana, na anayelinunua ni karani, na anayemfundisha kijana huyo ni mwalimu ambaye lugha ya kuelezea mambo magumu darasani kwake ni Kiswahili. Kama Kiswahili hicho kinamwambia kwamba chuma ni laini, kwamba sumaku ndiyo inayopotea, kwamba utando ni rangi na kwamba kutuliza na kuchoma ni mamoja, basi ataharibu kwa utiifu, akifuata maandishi neno kwa neno.

Kwa muhtasari, basi, tunapendekeza: chuma cha umeme, wala si chuma cha pua wala feleji, sikivu na kaidi, wala si laini na gumu, ukaidi wa sumaku, punje zilizoelekezwa na zisizoelekezwa, hasara ya kiini na hasara ya koili, ukawio, mikondo ya kuzunguka, kijino cha ukingo, utando, kutuliza, kwa kutofautishwa na kuchoma, nusu-tayari, na kizidisho cha uundaji.

Orodha hii haijawa sheria. Tunawaomba watafsiri waitie katika kazi zao waone inapokwama, na walimu wa ufundi waisome mbele ya wanafunzi wao karakanani. Palipo na fundi mwenye neno lake analolitumia kila siku, likawa halimdanganyi yeye wala chuma chake, tuletewe neno hilo, nasi tutakuwa tayari kuliondoa la kwetu.